Mgeni Aliyeomba Seben

Mwezi uliopita tulimzika Papa Anicet. Kwenye matanga yake, pale mtaa wa Mangobo, waliokodiwa kupiga muziki walikuwa vijana wawili tu, mmoja na kinanda cha umeme, mwingine na kipaza sauti. Walipiga vizuri, sina la kuwalaumu. Wazee waliosimama kumsema marehemu walirudia neno lile lile mmoja baada ya mwingine: Papa Anicet alikuwa mtu wa jazz, baba wa jazz ya Kisangani, hakuna aliyemfikia. Nilikuwa nimekaa karibu na yule kijana wa kinanda, naye akaniinamia akauliza kwa adabu, "Mama Salomé, musamaha. Ba-disque yake yote nilisikilizaka. Iko rumba tu. Jazz yenyewe iko wapi?" Nikamjibu kwamba kumweleza kungenichukua mwaka mzima. Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania, maana jibu lake kweli ni mwaka mmoja wa maisha yangu, na sijawahi kuusimulia hadi mwisho. Kila nikianza, watu hunikatiza wakitaka habari za kuimba, kana kwamba mwanamke akiwa kwenye okestra lazima awe mwimbaji. Sikuimba hata siku moja. Sauti yangu ni mbaya tangu utoto na sioni haya kusema hivyo. Mimi nilipuliza saksofoni.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi nyumbani. Inatosha kusema kwamba katika zile siku za Zaïre, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilishuka bandarini Kisangani kutoka kijijini kwetu Yanonge ili nijifunze kushona kwa Tante Régine, aliyekuwa na chumba cha kazi Makiso, katikati ya mji, hatua chache kutoka mtoni. Toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, zilikuwa bado hazijaanza, kwa hiyo mtu alikwenda kwa miguu na kila aliyepita alichungulia dirishani kwetu kusalimu. Chumba kilikuwa na cherehani tatu, meza ya kukatia, na pazia la kitenge kwenye kona ambako wateja walijaribia nguo. Nyuma ya pazia ndipo nilipofanya kazi yangu ya kwanza, kushona vifungo, na ndipo nilipojifunza habari za mji wote, maana watu huzungumza mbele ya pazia kana kwamba ni ukuta wa matofali. Saa sita tulisukuma vitambaa pembeni tukala juu ya meza ile ile ya kukatia: lituma, yaani ndizi zilizopondwa vizuri hadi zikawa laini, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa moshi siku za bahati. Tante Régine alikuwa mkali kwa kila kitu isipokuwa chakula. Hakuwahi kuniuliza kama nimeshiba, aliongeza tu.

Mwanzoni mwa mwaka ule ikaja okestra nzima kupimwa mashati. Jina lao lilikuwa Pirogue Jazz. Walijaza chumba, wakacheka na Tante, wakabishana juu ya kola. Mkuu wao, Papa Anicet, alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, mpiga tarumbeta, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha umsogelee. Wakati wengine wanapimwa, yeye alisimama karibu na pazia akizungumza na mpiga gitaa la solo, Faustin, kijana mrefu aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Nikasikia kila kitu. Mtu wao wa saksofoni alikuwa amekwenda Bafwasende kutafuta dhahabu, akawaachia chombo kwenye sanduku lake kama mtu anavyoacha mwavuli. Papa Anicet alisikitika. Faustin hakusikitika. "Bon, alikwenda, aende," alisema. "Papa, bavijana ba Kinshasa balishaka kuacha ba-cuivres. Gitaa inatosha. Tutafute synthé, tuongeze seben, batu bacheze." Synthé ndicho kinanda cha umeme. Papa Anicet akasema kama mtu anayejitetea, "Jazz bila kupuliza? Itakuwa jazz ya nini?" Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilifungua pazia nikiwa na sindano mdomoni, nikaitoa, nikasema kwamba mimi hupiga klarineti, nilifundishwa kwenye fanfare, bendi ya kupuliza ya parokia kwetu, na kwamba labda saksofoni si mbali sana na klarineti. Faustin alivua miwani ili anione vizuri. Papa Anicet aliniuliza jambo moja tu: "Pumzi iko?" Nikasema iko.

Kwa wasiokulia kwetu, hapa lazima niseme neno juu ya jina. Katika masikio yetu jazz haikuwa aina ya muziki. Ilikuwa namna ya kusema okestra, okestra ya kweli, yenye gitaa na ngoma na vyombo vya kupuliza, iliyovaa sare na kupiga watu wacheze. Mji huu ulikuwa na jazz, mji ule ulikuwa na jazz, na zote zilipiga rumba. Wazee wetu walikuwa wamesikia sahani za santuri zilizokuja kwa meli, za Kuba na za Marekani zikiwa zimechanganyika, wakachukua walichokipenda, na jina wakalichukua pamoja nacho. Hakuna aliyeona ajabu. Nilianza mazoezi uani kwa Papa Anicet, kila alasiri nikitoka kwa Tante, na ndani ya miezi michache saksofoni ikaanza kunisikia. Rumba ilienda polepole mwanzoni, waimbaji wakilalamika mapenzi, mimi na Papa Anicet tukiwajibu kwa vipande vifupi. Kisha waimbaji walinyamaza, gitaa zikashika mzunguko mmoja na kuurudia bila kuchoka, na hiyo ndiyo seben, sehemu ambayo kwenye nganda, baa zetu, watu huacha bia zao na kuinuka. Katika seben sikuwa na kazi. Faustin alihakikisha hilo.

Tante Régine hakunikataza. Aliniita mezani siku moja baada ya kula, akafuta mikono, akasema, "Sikiya. Miye njo mama yako hapa mjini. Kama hawa ba okestra banakuweka mbele ya batu, kwa haki, utapuliza na miye nitanyamaza. Kama Bonana inafika na ungali unajificha mu parcelle ya Papa Anicet, unaacha. Mashini haipende mutu nusu-nusu." Nilikubali Bonana, yaani Mwaka Mpya, iwe mwisho, kwa kuwa lilikuwa sharti la haki. Nililia kidogo usiku ule, lakini si kwa sababu yake. Nililia kwa sababu nilikuwa nimegundua jinsi nilivyokitaka kitu hiki, na hadi hapo nilikuwa najidanganya kwamba ni mchezo wa jioni.

Kiangazi kilipokwisha, kituo kimoja cha utamaduni mjini kikatuma mtu kwa Papa Anicet. Wanamuziki wa jazz kutoka Marekani watapita Kisangani, na mkurugenzi wa kituo, Mfaransa mmoja mwembamba mwenye heshima, angependa okestra ya jazz ya hapa ifungue onyesho na kupiga nao pamoja mwishoni. Papa Anicet hakupepesa jicho. "Okestra ya jazz njo siye," alimwambia yule mjumbe. "Jina iko kwa ngoma. Asome." Kwa wiki tatu uani kwake hakukuwa na habari nyingine. Faustin aliona nafasi yake. Alisema mbele ya wote kwamba kama vyombo vya kupuliza vitasimama na heshima mbele ya Wamarekani, yeye atanyamaza habari ya synthé. Kama haviwezi, baada ya hapo okestra itaendeshwa kwa namna yake. Papa Anicet akakubali, wakapeana mikono. Wote waligeuka wakanitazama mimi, maana Papa Anicet walimjua, wasiyemjua ni mimi.

Siku ya mazoezi ya pamoja, mchana, ukumbi wa kituo ulikuwa umepangwa viti mistari kwa mistari hadi mlangoni. Hilo lilituchanganya kabla ya yote. "Batachezea wapi?" aliuliza mpiga ngoma wetu. Wageni walikuwa wanne, na mkubwa wao alikuwa mzee mweusi mwenye mvi, mpiga saksofoni, aliyeitwa Calvin. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Tulipiga wimbo wetu mzuri kuliko yote. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho, akapiga makofi kidogo, kisha akamsogelea Papa Anicet akamwambia kwa Kifaransa, bila ubaya, kwamba ni muziki mzuri sana, lakini si jazz, na kwamba pengine kumetokea kutoelewana. Papa Anicet alimwambia kwamba sisi ni jazz tangu zamani. Mkurugenzi akasema anaelewa, jina, ndiyo, lakini watu wamealikwa kusikiliza jazz. "Na siye tulikuwa tunapiga nini?" Papa Anicet akauliza. Alikuwa anauliza kweli, na uso wake siku ile sijausahau. Miaka thelathini ya kazi, na mtu anamwambia kwa upole kwamba jina lake si lake.

Calvin hakuelewa Kifaransa sana, lakini aliona. Akaomba tujaribu tu kupiga pamoja kabla ya kuamua. Wenzake wakaanza kitu chao, kinakimbia na kusimama ghafla na kugeuka, na sisi tulitafuta mlango wa kuingilia tusiuone. Mpiga ngoma wetu aliingia mapema, besi yetu ikapotea, mimi nilipuliza noti moja mbaya nikaitoa saksofoni mdomoni haraka. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kutoa kalamu kulifuta jina letu kwenye ratiba. Calvin akasimamisha wenzake. Akamgeukia Faustin, akaonyesha gitaa, akasema kwa Kiingereza, polepole, kama unavyosema na mtu mgeni: "C seven." Sasa, sisi noti tulizijua kwa njia ya fanfare na ya shule, do, re, mi, hadi si. Wao huziita kwa herufi, na C yao ni do yetu. Lakini hakuna aliyetueleza hilo. Masikioni mwetu mzee alisema "si." Na neno la pili Faustin hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Alitugeukia amefurahi kabisa. "Banasikia? Musee anaomba seben. Mu si." Akakaza kibano chake kwenye shingo ya gitaa, akaianza.

Hakuna okestra yenye akili inayopiga seben katika si. Kwenye saksofoni, ile noti ya si ni njia yenye miiba, kila kidole kinakwenda mahali kisipopenda. Lakini Faustin alikuwa amekwisha kuanza, gitaa la pili likamfuata, besi ikapata mahali pa kukanyaga, ngoma zikaja, na ule mzunguko ukaanza kujirudia. Calvin alisimama akishangaa. Alikuwa ameomba kitu kimoja akaletewa kingine, tena mahali pengine kabisa. Kisha akaanza kucheka, akatikisa kichwa, akainua saksofoni yake akaingia. Alipiga kwa raundi kadhaa, akipanda juu ya gitaa kisha akishuka akikaa kati yake, nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimeelewa kwa miezi yote uani. Seben ilikuwa na nafasi. Ilikuwa imejaa nafasi. Akaniashiria kwa nyusi niingie. Nilitafuta, nikapata noti tatu tu zisizoniuma, nikazipiga hizo tatu. Yeye akazirudia, akaongeza ya nne. Nikamjibu kwa zile zile tatu kwa mpangilio mwingine. Papa Anicet akaweka tarumbeta mdomoni akaja kati yetu. Faustin, ambaye hakuwahi kuniruhusu pumzi moja ndani ya seben yake, alinisogelea hadi shingo ya gitaa ikakaribia kunigusa, akawa ananisubiri nimalize sentensi yangu ndipo aseme yake.

Tulipomaliza, mkurugenzi alikuwa amekaa mstari wa mbele, kalamu bado mkononi. Calvin alimweleza kwa Kiingereza, naye akatufasiria, kwamba mzee hakuomba tuanze chochote. Aliomba akordi, noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ile ya do yenye noti ya saba ndani yake, "seven" maana yake ni saba, maana ndiyo iliyokuwa inakosekana kwenye wimbo wao. Tulicheka hadi wengine wakashika mbavu. Papa Anicet hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha mbele, akaweka tarumbeta magotini. "Aliyenifundisha," alisema, "alisemaka seben ilitoka kwa bale batu ba pwani, bale bafanyakazi ba meli banaosemaka Kingereza, kule bandarini Matadi. Balikuwa banaonyesha vidole kwa gitaa, banasema seven, seven. Siye tukasikia seben. Miye nilifikiri ni hadithi tu." Wapo wanaobisha habari hiyo hadi leo, na mimi si mtaalamu. Lakini ilipofasiriwa, Calvin akaomba aambiwe mara ya pili. Mkurugenzi naye alirudisha kalamu mfukoni. Alisema tu kwamba angependa tufunge onyesho badala ya kulifungua, kama hatuna neno.

Calvin alikuja kula kwa Tante Régine kesho yake. Sijui nani alimwalika, nadhani alijialika. Tulimwekea lituma kwenye meza ya kukatia, akaila kwa mkono, akaomba tena, na kwa hilo Tante akampenda. Mfasiri wa kituo na Papa Anicet walikuwa wamekuja naye, na kati ya matonge mzee alitueleza historia ambayo nimeibeba tangu hapo. Babu yake, alisema, alipiga jazz kwenye kumbi ambako hakuna aliyekaa. Watu walikuja kucheza. Baadaye wapigaji wakawa hodari mno, wakaanza kukimbia, kila mmoja akitaka kuonyesha alichogundua, na muziki ukawa mzuri ajabu, lakini watu wakavuta viti. Waliotaka kucheza wakahamia kwingine, kwenye nyimbo za redio, na kila kizazi kilipobuni dansi mpya kiliibuni nje ya jazz, ingawa ndani yake kulikuwa na damu ya jazz. "Bon," Tante akasema, "alors ninyi mulibaki na jina, siye tukabaki na miguu." Mfasiri alipomwambia, Calvin aliweka tonge chini. Alisema amezunguka dunia akipiga mbele ya watu waliokaa, wakimsikiliza kama padri, na kwamba jana ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi mguu wake kucheza bila kumwuliza. Nilikuwa naosha vyombo, na nilijisikia mwenye furaha kiasi kwamba nilivunja sahani.

Onyesho lenyewe lilikuwa saa kumi alasiri. Sitalipamba. Wageni walipiga, watu wakasikiliza kwa heshima, wengine wakipiga miayo, wengine wakiwa wamependa kweli. Mwishoni tukapanda wote, mara hii katika do, tumshukuru Mungu, na tulipofika kwenye seben mtu wa nyuma akaanza kukunja viti. Kisha wa katikati. Mkurugenzi akaenda kuwasaidia. Tante Régine alikuwa mlangoni na mkoba kifuani, amevaa nguo ya kanisani, akinitazama nikipiga noti zangu, ambazo sasa zilikuwa zaidi ya tatu. Hakucheza. Lakini kesho yake asubuhi nilipokaa kwenye cherehani aliniambia niinuke, mazoezi hayafanywi na mtu aliyechoka mgongo, vifungo atashona mwingine.

Ningependa kuishia hapo, lakini mwaka ulikuwa bado. Faustin alitimiza neno lake, hakusema tena habari ya synthé. Iliyosema ni miji. Kila nganda tuliyokwenda vijana waliiomba ile sauti, na okestra mbili za jirani zilikuwa nayo tayari. Mwezi wa kumi na mbili Papa Anicet mwenyewe ndiye aliyetuita uani. Alisema synthé inakuja, mwenye nganda ya Mangobo anatuazima, ataipiga mpwa wake, na kwamba jukwaa ni lile lile dogo, kwa hiyo wapulizaji wawili hawataenea. Mmoja atabaki. Wote walitazama chini. Okestra aliianzisha yeye, jina alilitoa yeye. Nilielewa, na sikumchukia mtu. Nilianza kufungua mkanda wa saksofoni shingoni, nikiwaza namna ya kumwambia Tante.

"Funga hiyo," Papa Anicet akasema.

Nikabaki nimeushika mkanda. Faustin akavua miwani. "Papa, juu ya nini? Okestra iko ya weye."

"Njo maana," alisema. "Miye nimepuliza miaka thelathini, kila siku ninaangalia batu banacheza, na miye nimesimama. Ule musee wa Amerika alisema kweli juu ya miguu. Salomé ako na pumzi. Mutoto ataelewana na hiyo mashini, miye nitagombana nayo tu." Faustin alijaribu tena kumbembeleza, akakatazwa kwa mkono. Basi ikawa hivyo. Niliondoka pale nimefurahi na nimeumia kwa wakati mmoja, na sijawahi kuvitenganisha vitu hivyo viwili tangu siku ile.

Bonana ilitukuta Mangobo. Ilikuwa mchana, jua kali, nganda imejaa hadi barabarani, watoto wamepanda ukutani. Yule mpwa aliwasha synthé na watu wakapiga kelele za kuipokea. Waimbaji waliimba mapenzi, wakalalamika, wakanyamaza, na Faustin, kabla ya kugusa kamba hata moja, akanigeukia akasema kwa sauti ya kawaida, "Anza weye." Seben ya kwanza ya mwaka mpya, na inaanzwa na saksofoni. Nilianza. Ndipo nilipomwona Papa Anicet akitoka kwenye meza ya wazee, mikono mitupu, akaingia katikati ya wachezaji. Alicheza vibaya sana. Mtu aliyewachezesha watu wa mji huu miaka thelathini hakujua mguu upi unatangulia, aliwakanyaga wenzake, akaomba msamaha, akaendelea, uso umejaa jasho na kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukiona kwake. Pumzi ikawa kama inakwisha, nikaivuta kutoka mahali nisipopajua. Raundi zikapita nyingi. Faustin akanisogelea akauliza kwa macho kama tufunge. Nikatikisa kichwa, saksofoni ikiwa bado mdomoni, nikamwonyesha yule mzee pale chini, naye akatazama, akaelewa, akaurudia mzunguko tangu mwanzo.